Kila Kengele Ilale na Mayai

Kwa miaka minne sebule yangu ya Kisugu, hapa Kampala, ilinuka kuku. Mgeni anaingia, anakaa, ananusa, anachungulia chini ya meza, na akiwa na ujasiri anauliza kama ninafuga. Sifugi, namjibu, mimi natengeneza vifaa vya elektroniki. Hapo hapo vifaranga themanini nyuma ya pazia wanaanza kelele zao, na mimi naonekana mwongo mbele ya chai yangu mwenyewe.

Wa kulaumiwa ni mwenzangu. Kampuni yetu ni ya watu wawili, mimi na yeye, na ofisi yetu ni chumba kimoja Wandegeya, juu ya duka linalochapisha kazi za wanafunzi. Yeye ni Mnubi wa Kibuli, mtu mpole, mwenye mikono ya fundi saa. Mimi ni binti wa koplo wa polisi aliyetoka kaskazini, nimekulia kambini, na hasira zangu nilizitoa huko huko. Lugha yetu ya kazi ni Kiswahili: yeye alikikuta nyumbani kwao, mimi nilikikuta uwanjani tukicheza. Mjini kwetu mtu anayeongea Kiswahili kutwa nzima hudhaniwa ni askari au ni mwizi, kwa hiyo majirani wa ofisi walichukua mwaka mzima kabla ya kutuazima hata sukari. Siwalaumu.

Kitu tunachotengeneza ni kisanduku cha ukubwa wa nusu mkate. Unakifunga juu ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani kina kipimajoto, laini ya simu na betri. Umeme ukikatika, au joto likishuka, kinakupigia simu, na usipopokea kinapiga tena na tena mpaka upokee. Sisi tunakiita kengele. Ukisikia simu unakimbia nyumbani, unachemsha maji, unayaweka kwenye majerikeni na kuyapanga ndani ya mashine kando ya mayai, na vifaranga wako wanapona. Kampala umeme huondoka bila kuaga, na yai haliwezi kukusubiri.

Sasa, mwenzangu alikuwa na sheria yake. Kabla kengele haijauzwa, lazima ilale na mayai. Hakutaka kusikia habari ya kuipima saa moja mezani. Tulikuwa na mashine zetu wenyewe, na kwa kuwa nyumba yake ilijaa watoto na ofisi ilijaa sisi, mashine zikawekwa kwangu. Kengele nane kwa mara moja, mayai themanini, siku ishirini na moja kamili. Katika siku hizo tunazima umeme wenyewe kwa kushtukiza, mchana au alfajiri, kuona kama kengele itapiga. Mayai yakishatotoa, anafungua kifuniko, anachukua penseli, na kwa ndani anaandika tarehe mbili, ya kuweka mayai na ya kutotoa. Mwandiko wake ni mdogo, umelala upande, na saba yake ina kistari katikati. Kisha anafunga skrubu. Mteja hazioni tarehe zile maisha yake yote.

Niliwahi kumuuliza kwa nini tusiweke vikombe vya maji mle ndani badala ya mayai. Joto ni joto, nikamwambia, na mimi nipate sebule yangu. Alifikiri sana, maana yeye hujibu hata utani kwa kufikiri.

"Ukiweka maji utalala," akasema. "Ukiweka mayai utaamka."

Nilimwona mwendawazimu, lakini ni kweli, nilikuwa naamka. Nimekimbia na birika la maji ya moto nikiwa nimevaa kanga na soksi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Halafu siku moja mteja wetu wa Mukono akapiga simu kutupongeza. Alifurahi kwamba kengele zetu sasa zinapatikana pale karibu na soko la Wandegeya, tena kwa nusu ya bei. Sisi hatukuwa tumepeleka kengele popote. Nilishuka ngazi mbio, nikaenda, nikaikuta kwenye rafu. Kijani kile kile chetu. Pembe zile zile za mviringo. Banange, jamani, hata kile kitundu cha ubavuni, ambacho kilitobolewa kwa makosa siku ya kwanza na hakina kazi yoyote duniani, nacho kilikuwapo. Nikainunua, nikarudi nayo, nikafungua kifuniko mbele ya mwenzangu. Ndani, zimechapishwa vizuri kwa wino mweusi, zilikuwa tarehe mbili. Kwa mwandiko wake. Na saba yenye kistari.

Nilirudi dukani nikaomba kuona nyingine tatu. Zote zilikuwa na tarehe zile zile. Yaani walichukua kengele yetu moja, wakaipiga picha ndani na nje, na kila kilichoandikwa humo wakakichapa kwa mashine, kana kwamba mayai yale themanini ya sebuleni kwangu yalitotoa kwa ajili ya visanduku vyote vya nchi. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikalia, kwa hasira tupu.

Mwenzangu alikuwa ameishika ile ya kuiga chini ya taa, anaitazama kwa kioo cha kukuzia. Akasema kazi ya waya ni safi, aliyeifanya ana mkono. Ilibaki kidogo nimpige kwa kioo chake.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ya waigaji, ng'ambo ya barabara, nilikoelekezwa na mwenye duka, nikiwa nimejipangia matusi ya kutosha kufika Jinja. Nilimkuta msichana mhandisi, mwembamba, macho yamechoka kama yetu. Alinipa kiti, akanipa soda, akasema anafurahi kuniona. Nikamuonyesha zile tarehe, nikamuuliza hizi ni nini. Akasema alidhani ni namba za modeli. Alisema kweli, nilimwona. Akanieleza kwamba babake alipoteza vifaranga wote umeme ulipokatika, ndipo wakanunua kengele yetu, naye akaifungua usiku huo huo kutaka kujua inavyofanya kazi. Hajawahi kuona kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu namna ile, akasema. Sasa utamfanya nini mtu anayekuibia huku anakusifu? Nilikunywa soda yake. Sikumwambia zile namba ni nini. Nilirudi Wandegeya nikiwa na hasira zaidi, maana nilikuwa nimekwenda kutafuta adui na sikumpata.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kukimbizana. Wakili alituambia umbo linaweza kusajiliwa, lakini mtu akibadilisha upana wa kidole kimoja tu, kesi inakuwa ndefu kuliko maisha yetu. Tukabadilisha rangi ikawa ya chungwa. Haikupita miezi miwili, nao wakawa wa chungwa. Tukaweka mpini juu, wakaweka mpini. Tukaziba kile kitundu cha makosa, wakakiziba. Wateja wakaanza kutupigia sisi kulalamika kuhusu kengele za waigaji, na kuwapigia wao kutusifu. Nikawa ninaota visanduku.

Mwenzangu hakutikisika. Jioni moja, nikiwa nimetupa bisibisi ukutani, aliiokota akasema polepole, "Dada, mtu huiga anachokiona. Mayai hawakuyaona."

Alinuia kunifariji. Lakini mimi nilisikia jambo jingine kabisa. Kama waigaji hawakuyaona mayai, basi wateja nao hawakuyaona. Nikamuuliza: tunayalalia kwa ajili ya nani? Mteja anakuja leo, sisi tunamwambia asubiri wiki tatu, anavuka barabara anaipata ile nyingine hapo hapo. Tutakufa waaminifu, nikamwambia, na kwenye kaburi wataandika kwamba kengele zao zililala na mayai. Tulinuniana siku mbili. Mwishowe akasema tukiacha mayai, basi kisanduku chetu na chao ni kitu kimoja, na cha kwao ni rahisi zaidi, kwa hiyo tungekuwa tunaiga waigaji. Nikamwambia hayo ni maneno ya msikitini, siyo ya biashara.

Baadaye shangazi yake alifariki Arua, akaenda mazishini, akakaa siku kumi. Katika siku hizo simu haikunyamaza. Kila mtu alitaka kengele, na kila mtu aliitaka leo. Mezani nilikuwa na kengele kumi na mbili zilizokamilika ambazo bado hazijalala. Nilizichukua moja moja, nikachomoa umeme, nikasubiri. Zote kumi na mbili zilipiga. Nikazipima kwa saa nzima, zikapiga tena. Ndipo nikachukua penseli. Nilijizoeza saba yenye kistari nyuma ya karatasi zilizoharibika za duka la chini, mpaka mkono ukazoea kulala upande kama wake. Nikaandika tarehe mbili mbili ndani ya kila kifuniko. Kwa nini niliandika wakati hakuna anayeziona? Sijui. Nadhani nilijua mmoja atakayeziona, na nilikuwa namdanganya yeye hata kabla hajarudi.

Nilizisambaza zote. Moja niliipeleka Kibuli kwa mikono yangu.

Huko Kibuli, chini ya kilima, katika vyumba viwili vyenye ua mdogo, anaishi mama mmoja ambaye sote tunamwita Afande. Alikuwa sajini wa polisi, jirani yetu mlango kwa mlango kambini. Mama yangu alipolazwa hospitalini nikiwa darasa la pili, Afande ndiye aliyenilea miezi mitatu. Alinisuka nywele na kunichapa kwa mkono ule ule, na sikujua wakati wote ni kipi kinafuata. Hata padri humwita Afande. Alipostaafu alinunua mashine ya mayai mia tatu, na vifaranga wake hununuliwa na nusu ya wajane wa polisi wa mtaa ule.

Lakini mwaka ule mwanawe mkubwa, mwalimu wa sekondari kule kaskazini, alikuwa amemkazia macho. Afande aliwahi kuacha chungu cha maharage kwenye sigiri ya makaa akaenda kanisani, ua mzima ukajaa moshi. Kisha umeme ulikatika mchana yeye akiwa amesinzia, mayai mia tatu yakaharibika, na mwanawe akasema hilo nalo ni kusahau. Akataka amchukue, akaishi naye, apumzike. Afande hakutaka kupumzika. Alikuwa na kiti chake kanisani, na wastaafu wenzake wa kuteta nao, na mlango wake mwenyewe wa kufunga na kufungua. Wakapatana hivi: atotoleshe mara moja zaidi bila kusahau kitu, naye mtoto atanyamaza. Mayai yakiharibika, atahama. Haya yote Afande alinieleza mwenyewe, nikiwa nimesimama kwenye stuli namfungia kengele juu ya mashine. Nilikuwa ninajua ni kengele ya namna gani. Nilijiambia kwamba imepiga mezani, basi imepiga.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumanne. Wastaafu wenzake walikuwa na mkutano wao, na alikuwa amekosa mikutano mitatu kwa kuogopa kuacha mayai. Alinipigia asubuhi kuniuliza, yeye aliyekuwa akiamrisha vikosi, kama anaweza kutoka. Nilikuwa nakula chapati, nikamjibu mdomo umejaa.

"Nenda, mama. Kengele itakupigia."

Saa kumi jioni simu yangu ikalia. Mwenzangu alikuwa amesharudi kutoka Arua, ameketi mbele yangu. Sauti ya Afande ilikuwa ile ya kutoa ripoti kituoni. Amerudi nyumbani. Umeme umekatika tangu saa sita, majirani wamemwambia. Mashine ni baridi. Kengele haikupiga, simu ilikuwa mkononi mwake mkutano mzima, hata wakati wa sala. Je, afanye nini kwanza?

Tulichukua bodaboda mbili. Njiani nilikuwa nayaombea mayai kwa majina yote ya Mungu niliyofundishwa kambini, ya makanisa na ya misikiti, maana sikujua ni lipi lingesikilizwa kutoka kwa mtu kama mimi.

Tulimkuta ameshawasha sigiri na maji yanachemka. Mwenzangu alivua viatu akaanza kupanga majerikeni ndani ya mashine na kuifunika kwa mablanketi. Mimi nilichukua tochi nikaanza kumulika mayai moja moja. Siku ya kumi na nane kifaranga amejaa yai lote, unachotafuta ni kutikisika kidogo pale juu penye hewa. La kwanza halikutikisika. La pili halikutikisika. La tano likatikisika, nami nikatokwa na machozi kwa ajili ya yai. Nikaendelea. Mengine yalikuwa hai, mengine sikuweza kujua. Afande alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka, simu mapajani.

Mwenzangu akaishusha kengele, akafungua kifuniko. Nilimwona anasoma. Alisoma muda mrefu kwa tarehe mbili tu. Kisha akaitoa betri, akaipima, akaiweka sakafuni taratibu. Ilikuwa imekufa. Baadaye tuligundua kwamba betri nyingi za shehena ile zilikuwa mbovu kwa namna moja: zinafanya kazi vizuri siku za mwanzo, halafu ndani ya wiki mbili zinaishiwa nguvu bila kuonyesha dalili. Saa moja ya mezani isingeweza kulijua hilo. Siku ishirini na moja zingelijua.

Akasogea karibu yangu, akasema kwa sauti ambayo Afande asingeisikia, "Hii hukuiweka na mayai."

"Sikuiweka."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

Alirudi kupuliza makaa. Nilitamani anitukane, hata matusi ningemfundisha mwenyewe.

Nikajikaza nimgeukie Afande. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, simu yake ikalia. Alikuwa mwanawe, kila siku saa ile alipiga kuuliza mayai. Kwa sababu ya masikio, Afande huweka simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia wote salamu, habari za shule, kisha swali lenyewe: mayai yanaendeleaje?

Afande alinitazama. Akaitazama kengele iliyofunguliwa sakafuni. Akamtazama mwenzangu mgongoni. Halafu akanitazama tena mimi, na mtu aliyehoji washukiwa miaka thelathini hahitaji kuambiwa.

"Umeme ulikatika," akamwambia mwanawe. "Kengele ilipiga. Mimi ndiye sikuisikia."

Kijana yule angefoka ningeweza kuvumilia, lakini aliongea kwa upole, polepole, jinsi watu wanavyoongea na mgonjwa. Akamwambia mama, tulikubaliana. Akamwambia asihuzunike, si kosa lake, ni umri tu. Atakuja Jumamosi na gari. Afande akaitikia ndiyo, ndiyo, mwanangu, na mkono wake uliokuwa gotini ukawa unakunja na kukunjua pindo la gauni.

Nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza. Kwa pumzi moja nilifarijika. Jina letu lilikuwa salama. Ningezikusanya zile kumi na moja kimya kimya, nibadilishe betri, na hakuna mtu angejua, wala wateja, wala yule msichana wa ng'ambo ya barabara. Afande mwenyewe alikuwa amenipa. Alikuwa amechukua nyumba yake, kiti chake cha kanisani na akili zake timamu, akaniwekea mkononi ili biashara ya mtoto wa jirani isichafuke. Na mimi nilikuwa nahesabu kama itanitosha.

"Nipe simu, mama."

Akaikumbatia kifuani. Akatikisa kichwa. Ilibidi nimshike vidole nimfungue kimoja kimoja, vidole vile vilivyonisuka, naye ananikazia macho ya usajini kuniamuru niache.

Nikamwambia mwanawe mimi ni nani. Nikamwambia kengele haikupiga. Haikupiga kwa sababu betri ilikuwa imekufa, na betri mbovu ilibaki humo kwa sababu niliiuza kengele kabla ya kuipima tunavyopima, nikaandika tarehe za uongo ndani yake kwa mkono wangu. Mama yako alitaka kubaki na mayai, nikamwambia, mimi ndiye niliyemwambia atoke. Nilikuwa naongea haraka, nikingojea anikate. Hakunikata.

"Kwa hiyo hakusahau?" akauliza.

"Hakusahau."

"Una uhakika?"

Sauti yake ilikuwa imebadilika, na nikatambua kwamba miezi ile yote naye alikuwa anaogopa. Hakuwa anamuonea mamake. Alikuwa anamtazama akiondoka kidogo kidogo, alivyodhani, na hakujua la kufanya isipokuwa kuleta gari.

"Simu ilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi," nikasema. "Alirudi akakuta baridi, akawasha moto, akatupigia, akapanga kila kitu kwa utaratibu. Sisi tulipofika tulikuta maji yanachemka. Hakuna alichosahau."

Afande alikuwa amegeukia ukuta. Mwenzangu aliacha makaa, akaenda akaketi sakafuni karibu na kigoda chake.

Siku tatu zilizofuata nilizimaliza kwenye bodaboda. Nilikwenda kwa wateja wote kumi na mmoja nikawaeleza nilichofanya. Betri nane zilikuwa zimekufa au zinakufa. Wawili walinirudishia kengele, wakasema watanunua zile nyingine. Mmoja alinifukuza, kisha akanipigia kuuliza kengele yake itatoka lini kwenye mayai, atasubiri. Mwenzangu naye hakunitenga. Aliniwekea penseli yake mezani asubuhi ya Jumatano, akasema kuanzia sasa atakayeamka na mayai ndiye atakayeandika, na kwa kuwa mayai yako kwangu, niandike kwa mwandiko wangu.

Nilipita pia ng'ambo ya barabara. Msichana mhandisi alikuwa ananunua betri kwa muuzaji yule yule aliyetuuzia sisi. Nilimwambia azitoe zote, kisha nikamwambia zile namba za modeli ni nini hasa. Alishika mdomo. Akauliza kama anaruhusiwa kufanya hivyo naye, kuzilaza kengele zake na mayai. Niliporudi nilimuuliza mwenzangu, nikitegemea kwamba angalau safari hii atakasirika.

"Hiyo aige," akasema.

Ijumaa jioni mashine ya Afande ikaanza kulia kwa ndani. Hadi Jumamosi asubuhi vifaranga mia na kumi na mmoja walikuwa wametoka, wamelowa, wanaangukiana. Mia na themanini na tisa hawakutoka kabisa, na nilisaidia kuwazika uani.

Mwanawe alifika na gari kama alivyosema. Ni mtu mrefu, anainama kila mlango. Hakunisalimia kwa furaha, na alikuwa na haki. Aliketi mbele ya mashine karibu saa nzima, amekunja mikono ya shati, anawatoa waliokauka na kumpa mamake, naye Afande anamsahihisha jinsi ya kuwashika. Kisha wakala chakula. Kisha akasema njia ni ndefu.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa amemtandikia mamake blanketi na mto. Afande akaweka pale boksi la vifaranga ishirini, akalifunga kwa mkanda, akamwambia mwanawe asiwashe kipoza hewa njiani. Mwanawe akaenda nao kaskazini, yeye na vifaranga tu; Afande alibaki mlangoni pake.